Kitanda cha Siku Saba

Ukiolewa Malindi miaka ile ya themanini na chumba chako hakikupambwa na Tima binti Abubakr, basi uliolewa, ndiyo, hatukatai, lakini watu walikuhurumia chini chini.

Tima alikuwa mpambaji wa vyumba vya maharusi. Stoo yake pale Shela ilikuwa na samadari mbili za shaba, vile vitanda vya fahari, na kitanda kimoja kidogo cha mninga, magodoro manene, mapazia ya wavu, mito ya kutarizi, zulia jekundu, kioo kirefu cha kusimama, chetezo cha udi, hata feni. Anakuja asubuhi na mkokoteni wa Dena, hamali wake wa miaka mingi, na ikifika adhuhuri kile chumba chenu cha chokaa iliyobambuka, na mjusi wake mmoja wa siku zote, hukitambui. Bwana harusi akiingia huhisi kakosea nyumba. Fungate ikiisha, zile siku saba za maharusi, siku ya nane asubuhi Tima huyo mlangoni.

"Hodi, wanangu! Mapenzi ni yenu, kitanda ni changu."

Na huku maharusi wamejitanda leso, macho yamevimba, Dena anafungua bolti za kitanda. Ndivyo kazi ilivyokuwa, na hakuna aliyenuna. Kila mtu alijua vile vitu ni vya kupita.

Mdomo wake sasa. Huo ulikuwa kazi ya pili. Tima alikutania ukiwa kwenye furaha, akakutania ukiwa na homa. Mumewe alikufa mapema, mtoto hakujaaliwa, na hilo nalo alilifanyia mzaha kabla wengine hawajawahi: "Mimi tumbo langu ni stoo tu, mali haijaingia." Watu wakicheka, yeye kashapita.

Mwaka wa themanini na tano, siku ya Jumanne, jirani yake Mwanasiti aliingia mbio na karatasi mkononi.

"Shoga, nisitiri."

"Kuna nini? Mahadhi kaoa?"

"Toba! Usinitie mkosi. Hebu isome."

Ilikuwa barua ya afisa wa watoto. Mwanasiti na mumewe Mahadhi walikuwa wamekaa miaka tisa bila mtoto, na mawifi walikuwa wamechoka kunong'ona, sasa walisema kwa sauti. Basi wakaomba mtoto wa kulea. Kulikuwa na msichana wa miaka sita, Jaha, yatima wa Dabaso, anayekaa kwenye nyumba ya watoto kule Kilifi. Atabaki na jina la baba yake kama dini inavyotaka, ila malezi yatakuwa yao. Barua ilisema afisa atakuja Alhamisi, saa nne asubuhi, kuangalia nyumba.

"Saa nne, wamekuandikia kabisa," Tima akasema. "Kwani huyu ni afisa au ni mgeni wa biriani?"

"Tima, nyumba yangu waijua. Chumba cha nyuma kina magunia. Mtoto ntamwambia alale wapi?"

Ukweli ni kwamba magunia yangeweza kutolewa. Mkeka na mto vingetosha, maana nusu ya Malindi ililala mkekani na ikaamka salama. Na Tima alijua kwamba neno la kusema siku ile halikuhusu magunia hata kidogo.

Kuta zao ziligusana. Kabla ya hapo Mwanasiti alikuwa amekaa na wasichana wawili wa kazi, mmoja baada ya mwingine, watoto wa miaka kumi au kumi na moja. Wa kwanza, Harusi, aliondoka na sikio limefura. Wa pili hakuaga. Tima alisikia kila kitu, mwiko na kilio, na kila aliposikia aliongeza sauti ya redio. Pale mtaani kumsitiri jirani ni adabu uliyolelewa nayo, mtu hamwagi ya nyumba ya mwenzake barabarani. Ukisikia, hukusikia. Ukiona, ulikuwa wapita tu.

Alikunja ile barua, akairudisha.

"Mwambie Mahadhi anyoe ndevu," akasema. "Chumba niachie mimi."

*

Alhamisi chumba cha magunia kilikuwa pepo. Kitanda kidogo cha mninga, shuka la maua, chandarua cheupe kimefungwa utepe, zulia, feni inapiga, udi unanukia kwa mbali. Juu ya mto Tima alimkalisha mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za manjano, aliyeachwa hotelini na mtalii wa Kitaliano. Huyo kawaida alikaa kwenye vitanda vya maharusi kuwaombea uzazi, na kazi hiyo, tuseme kweli, hakuiweza sana.

Afisa alikuwa mwanamke, Bi Jedida, Mgiriama wa Kaloleni, bado kijana, viatu vimejaa vumbi na daftari kwapani. Aliingia, akasimama.

"Haya yote ni ya mtoto?"

"Ya mtoto, mwanangu," Tima akajibu kabla Mwanasiti hajafungua kinywa. "Kwani mtoto si mtu?"

Jedida aliandika. Akagusa godoro, akaandika tena. Mahadhi, ndevu zimenyolewa mpaka kidevu kinameta, alijibu maswali ya kazi yake ya ukarani kama anayehojiwa na mkuu wa wilaya. Mwishoni Jedida akamwita Tima uani, wawili tu, karibu na kamba ya nguo.

"Mama, mimi lazima niulize jirani. Huyu dada amewahi kuishi na mtoto? Ni mtu wa namna gani kwa watoto?"

Mwanamke yule alikuwa na macho ya mtu anayetaka kuambiwa. Tima alikuja kuyakumbuka baadaye, yale macho, kwa miaka. Kwa sekunde moja jina la Harusi lilifika kwenye ulimi, likakaa pale. Halafu Tima akafanya alichokijua kufanya.

"Mwanasiti? Huyo hata kuku akitaka kumchinja humwomba radhi kwanza!"

Jedida alicheka. Alicheka kweli, mpaka meno yote yakaonekana, na huku akicheka akaandika.

Ndivyo ilivyokuwa. Mzaha mmoja, mstari mmoja wa kalamu, kukatoka mtoto.

*

Jaha aliletwa Jumamosi. Mtoto mwembamba, kichwa kimenyolewa, furushi lake dogo la leso limefungwa mafundo mawili. Alipooneshwa kitanda aliuliza atalala chini yake upande gani. Mwanasiti akacheka, akamnyanyua, akamweka juu. Zile siku za mwanzo Mwanasiti alikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe. Alimpaka mafuta, akamtia wanja, akampitisha nyumba hadi nyumba kama sinia la maandazi.

Siku saba. Ya nane, Tima huyo mlangoni na Dena na mkokoteni, kwa sababu Jumapili kulikuwa na harusi mtaa wa Barani na vitu vilihitajika. Hata hakufikiri. Miaka kumi na minane siku ya nane ni siku ya nane.

"Hodi, wanangu!"

Dena akafungua kitanda. Zulia likakunjwa. Feni ikatoka, chandarua kikatoka. Jaha alikuwa amesimama ukutani, mwanasesere kifuani.

"Lete, mama," Tima akamwambia, vizuri tu, kwa tabasamu. "Huyu ana harusi Jumapili."

Jaha akampa. Hakulia. Aliingia ndani, na Tima alipokuwa akihesabu mito juu ya mkokoteni alimwona anatoka na lile furushi lake, mafundo mawili, akaja akasimama kando ya gurudumu.

"Mimi nami nipande?"

"Upande uende wapi?"

"Si twarudishwa?"

Ee bwana! Mwanasiti aliketi kizingitini kwa kicheko. Majirani waliokuwa wakipita walishika mbavu. Tima alicheka mpaka buibui likateleza kichwani. Aliyekosa kucheka ni Dena peke yake, aliyeinama akakaza kamba iliyokuwa imekazwa tayari.

Na Tima, kwa kuwa alikuwa Tima, alikichukua kile kisa akakifanya chake. Alikisimulia harusini Barani. Alikisimulia kwenye kutia hina, kwenye kuchambua mchele, kwenye hitma ya mtu. Alijua pa kunyamaza, alijua kuiga ile sauti ndogo: *Mimi nami nipande?* Watu waliagiza. "Bi Tima, hebu ile ya mkokoteni!" Msimu ule hakikupendwa kisa kingine.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja Tima alimwona Jaha bombani, dumu la maji kichwani, dumu la watu wazima. Ilikuwa saa ambayo watoto wenziwe walikuwa shuleni wanakunywa maziwa ya Nyayo. Siku nyingine alimwona anatwanga. Siku nyingine sauti ikapita ukutani, na Tima mkono ukaenda kwenye redio wenyewe, kabla hajauambia.

*

Halafu ikaja harusi ya kina Uthman, familia yenye minazi yake na jina lake, ua umejaa wanawake, sufuria za pilau kama mapipa. Tima kamaliza kupamba, kaketi kwenye busati na kikombe cha kahawa, yuko kwenye raha yake. Bibi mmoja wa Lamu, mgeni, akaambiwa: huyu ndiye, mwache akupe ile ya mkokoteni.

Tima akajiweka sawa. Akaanza. Chumba, udi, afisa na daftari lake. Wanawake walishaanza kucheka kabla ya mahali pa kuchekea. Akafika siku ya nane, kitanda kiko juu, mito iko juu, mtoto katoka na furushi. Akanyamaza pale alipokuwa akinyamaza siku zote.

Na kwenye kile kimya sauti ikatoka nyuma, kule kwenye sufuria chafu.

"Mimi nami nipande?"

Ilikuwa sauti yenyewe. Jaha alikuwa amechuchumaa na majivu na makumbi, anasugua masufuria, Mwanasiti kamleta kusaidia. Alikuwa ameisikia hadithi mara nyingi, anajua zamu yake inafika wapi, akaitoa vizuri, kwa wakati wake, na uso wa mtoto anayetumai kuwapendeza wakubwa. Ua mzima ukapasuka. Wengine walipiga makofi. "Mashallah, kanajua!" Jaha akatabasamu, akainua mkono kujifuta jasho, na kwenye mkono ule, kutoka kifundo hadi kiwiko, kulikuwa na alama ya moto iliyokuwa bado mbichi pembeni.

Tima hakucheka. Kikombe kilikuwa mkononi, kahawa ikammwagikia leso, na hakuhisi. Alihisi uso unawaka kama aliyepigwa kofi na mtu mzima mbele ya wakwe. Mtoto yule alijua. Alikuwa akijua muda wote kwamba ndiye anayechekwa, na ameona afadhali acheke nao.

"Bi Tima, malizia!" mgeni wa Lamu akasema.

"Imeisha," Tima akajibu. "Imeishia papo hapo."

Alirudi nyumbani akaingia stoo. Kile kioo kirefu kilikuwa kinatazama mlango, kikamwonesha mwanamke mnene aliyevaa vizuri, asumini bado kichwani. Akakigeuza kikaangalia ukuta.

*

Keshoye alikuwa Kilifi, ofisini kwa Bi Jedida. Benchi lilikuwa na watu. Tima alingoja zamu yake na njia nzima alikuwa ametunga la kusema, lenye mwanzo na kati, hata na kichekesho kimoja cha kufungulia. Alipoketi kichekesho hakikutoka.

"Ni mimi," akasema. "Wa kuku."

Jedida alimkumbuka. Tabasamu lilianza kuja.

"Usicheke, mwanangu. Nakuomba usicheke." Akasema yote: kitanda chake, feni yake, mwanasesere wake, Harusi na sikio lake, redio, mkono wa Jaha. Alisema akiangalia kona ya meza, iliyokuwa imetoboka toboka na kalamu ya mtu.

Jedida alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa wa Mwanasiti. Alipozungumza hakupaza sauti, na hapo ndipo Tima alipotamani angefokewa.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Sina gari. Nina wilaya nzima. Sheria yaniambia niandike barua kwanza, niende, nione nyumba, niulize jirani. Nikaandika. Nikaenda. Nikaona. Nikakuuliza wewe. Kuna lingine ningefanya?"

"Lipo." Tima akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Usitupe siku ya kuja. Ukitupa siku twapamba. Ukitupa saa twanyoa ndevu. Njoo tu, mtu yuasugua sufuria, njoo ukute hivyo hivyo. Kisha rudi. Rudi mtoto keshaingia, rudi siku ya nane, rudi mwezi wa nne. Wala usiulize jirani yuko vipi huyu. Sisi twasitiriana, hatukwambii. Uliza ni nani aliyekaa humo akaondoka, umtafute huyo. Na aliyekudanganya mara moja, usimwamini tena."

"Watu watasema twawadhulumu. Mtu ataka kulea tu, twamsumbua kama mwizi."

"Waseme. Mimi nikikodisha kitanda nahesabu bolti kinapotoka, nahesabu kinaporudi. Mtoto alitoka kwako, ni nani aliyehesabu?"

Jedida alilikunja daftari, akachukua mkoba wake. Akaja Malindi siku ile ile bila barua. Alimkuta Jaha anafua shuka la watu wazima, na chumba cha nyuma kilikuwa na magunia yake. Mahadhi alisema hakujua, kwamba yeye hushinda kazini. Jaha alipoambiwa wanarudi kwenye nyumba ya watoto alilifuata furushi lake bila kuuliza kitu, kama mtu aliyekuwa akingoja gari lililochelewa.

Mwanasiti alisimama barabarani, mtaa mzima umetoka.

"Tima! Mimi na wewe tumekula sinia moja. Umenivua nguo mbele ya watu."

Tima alikuwa na jibu, kama kawaida. Alitaka kusema, nilikuvika ndiyo kosa langu. Akaona hata hilo limekaa kama mzaha, akaliacha.

*

Mtaa ukamnunia. Nani amwite chumbani mwake mpambaji anayefungua midomo? Harusi mbili zikamruka, kisha tano. Mabibi waliokuwa wakiagiza kisa cha mkokoteni sasa walikumbuka wana mboga motoni. Alilistahili, na alijua, na kulijua hakukupunguza kitu.

Mwezi wa pili wa kununiwa alirudi Kilifi.

"Jaha nipe mimi nimlee," akamwambia Jedida.

Jedida alimwangalia sana. Halafu akasema atakuja. Hakusema lini.

Alikuja siku ya mvua, Tima kavaa leso iliyochanika, anakuna nazi. Nyumba ilikuwa imefurika vitu vya stoo visivyokodishwa, samadari zinang'aa, mapazia, mito. Jedida akasimama pale pale mlangoni.

"Mama, kati ya hivi, kipi ni chako cha kila siku?"

Tima akaonesha kitanda cha kamba, mkeka, sufuria mbili, mbuzi ya nazi aliyokuwa ameikalia. "Vingine ni vya kuonesha watu."

Jedida alirudi mara ya pili, ya tatu. Siku moja alikuja kabla ya chai, siku moja Ijumaa watu wako msikitini. Alimtafuta Harusi huko kwao Kuruwitu, akamkuta, akamuuliza habari za Tima. Mara ya nne hakuingia ndani. Alikaa barazani, akavua viatu akakung'uta mchanga.

"Jaha amekubaliwa kwa watu wengine," akasema. "Mwanatumu na mumewe Jaafar, hapo Kilifi. Nimewaendea mara tisa. Kitanda hawana."

Tima aliangalia mikono yake.

"Nimemuuliza mtoto pia," Jedida akaendelea, polepole sasa. "Nikamwambia Bi Tima ataka kukulea. Akaniuliza, yule wa mkokoteni? Nikamwambia ndiye. Akasema, huyo atanirudisha." Akakung'uta tena kiatu kimoja. "Na hata angetaka, mama. Wewe mwenyewe uliniambia. Aliyenidanganya mara moja."

"Nilisema."

"Ulisema."

"Basi umefanya vyema," Tima akasema, na lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyatoa kinywani. Alimkaribisha uji. Wakanywa.

Wiki ile Dena alipakia mkokoteni mara moja zaidi: kitanda kidogo cha mninga, godoro lake, chandarua, na yule mwanasesere wa nywele za manjano. Vilipanda lori la nazi mpaka Kilifi, Tima na Dena pamoja navyo. Mwanatumu, mwanamke mrefu asiye na haraka, aliwafungulia. Jaha alikuwa amesimama nyuma yake, nywele zimeanza kuota.

Dena alikaza bolti za kitanda. Jaha hakukisogelea. Alimtazama Tima moja kwa moja.

"Waja kukichukua lini?"

"Siji kukichukua, mama. Ni chako."

"Baada ya siku saba?"

"Hata baada ya siku sabini."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyofanya mtu mzima anayejua anadanganywa na hataki kukuaibisha. Tima alimwekea mwanasesere kitandani, akaaga, akatoka. Barabarani Dena alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni vumbi.

Habari nyingine aliipata kwa Jedida, wiki mbili baadaye. Jaha alikuwa amelala mkekani, kando ya kitanda, usiku saba. Kila Mwanatumu alipomwambia apande, alisema yuko sawa. Siku ya nane tangu asubuhi aliketi kizingitini na furushi lake, mafundo mawili, anaangalia barabara. Hakuja mtu. Adhuhuri hakuja mtu. Baada ya laasiri aliingia ndani, akafungua furushi, akatoa nguo zake moja moja akazitia chini ya mto. Kisha akapanda.

Jedida alisimulia akitabasamu, macho yamemlowa. Alidhani atamfurahisha.

Tima alisikiliza mpaka mwisho. Kilikuwa kisa kizuri, chenye mahali pa kunyamaza na mahali pa kuangusha, na ulimi wake wa miaka yote ulishakiona jinsi kingesimuliwa. Hakukisimulia kwa mtu hata mmoja. Alipofika nyumbani aliingia stoo, pale kilipokuwa kile kitanda kidogo, sakafu tupu na alama nne za miguu yake kwenye vumbi. Akachukua ufagio. Kisha akaurudisha ukutani, akaziacha alama zilivyo.